Mshale Ulioshuka

Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, baba alikuwa ameshavaa buti na kusimama mlangoni akingoja gari la shirika. Kisha alikumbuka kwamba hakuna gari linalokuja, akajikuna kichwa, akarudi ndani kumalizia chai. Mama alimtania, "Dereva leo amechelewa, eh?" Baba alicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimenuna tangu siku tuliyohama, na sikununa kwa siri.

Baba ni fundi bomba. Kwa miaka kumi na saba aliajiriwa na shirika la maji, ajira ya kudumu, na tuliishi kwenye kota za shirika. Kisha akaacha kazi mwenyewe, bila kufukuzwa na mtu, akachukua kandarasi yake ya kwanza: kuingiza maji katika zahanati mpya nyuma ya soko. Aliyeacha kazi hukabidhi nyumba. Basi tukahamia vyumba viwili upande wa pili wa mji, mahali nisipomjua mtu.

Lo, jinsi nilivyoikumbuka kota! Nilikumbuka baraza refu lililounganisha milango sita, na sakafu yake nyekundu iliyokuwa baridi miguuni. Zaidi ya yote nilimkumbuka Pacha. Hakuwa pacha wangu wa kweli. Tulizaliwa wiki moja, mlango kwa mlango, na watu wakatupa jina hilo sote wawili. Jioni tuliruka kamba mpaka mama zetu wachoke kutuita. Huku tulikohamia nilikuwa na kamba, lakini hakukuwa na wa kuishika upande wa pili.

Jumamosi moja baba aliniambia, "Leo twende wote kazini, mama. Nina kazi inayotaka macho mazuri."

Zahanati ilinuka rangi mbichi. Bomba lilikuwa limelazwa kwenye mtaro mrefu kutoka barabarani mpaka ukutani, bado halijafukiwa. Mwishoni baba alifunga pampu ndogo ya mkono yenye geji, kitu cha duara kama saa, chenye mshale mmoja. Alisukuma mpini wa pampu mpaka mshale ukafika namba sita.

"Kule shirikani nilikuwa nikishaunga bomba, naondoka," alisema. "Watu wa vipimo walikuja nyuma yangu. Juzi hapa nimeshika koleo nifukie, ndipo nikakumbuka kwamba watu wa vipimo hawaji. Ni mimi. Na leo ni wewe. Tazama mshale huu saa nzima. Ukibaki kwenye sita, bomba ni zima, tunafukia. Ukishuka hata kidogo, kuna mahali maji yanavuja. Niite, mimi niko juu nafunga tangi."

"Na yakivuja?"

"Hatutakabidhi kazi Jumatatu. Na fundi anayechelewesha kandarasi ya kwanza, nani atampa ya pili?" Alijaribu kucheka, ikashindikana.

Nilikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa. Dakika kumi zikapita, mshale uko sita. Ishirini, sita. Nikaanza kuwaza Pacha anafanya nini saa ile, na kama ameshapata wa kuruka naye. Nilipotazama tena, mshale ulikuwa chini kidogo ya sita. Nikapangusa kioo kwa kidole. Haukuwa uchafu. Saa ilipokaribia kuisha ulikuwa kwenye tano.

Nilifungua mdomo nimwite baba. Wazo baya likanijia pale pale. Bomba likivuja baada ya kufukiwa, zahanati itamkataa. Akikataliwa, atarudi shirikani. Akirudi shirikani, tutarudi kota. Nikafunga mdomo. Nilishika mpini wa pampu, nikausukuma mara mbili, na mshale ukapanda mpaka sita.

Baba alishuka akifuta jasho. Akainama, akatazama geji, akapiga makofi. "Alaa! Sita kamili! Haukushuka hata kidogo?"

"Haukushuka," nilisema.

Alishika koleo akaanza kufukia huku akipiga mluzi. Sikuwa nimemsikia akipiga mluzi tangu tuhame. Muuguzi mkuu, ambaye kila mtu alimwita Sista, akatoka nje kutazama.

"Fundi, niambie ukweli. Jumatatu nitapata maji? Wiki hii nina akina mama watatu wa kujifungua, na ndugu zao wameshaniuliza kama waje na ndoo."

"Waambie ndoo waziache nyumbani," baba alijibu. "Kazi hii imepimwa, na mpimaji wangu huyu hapa."

Sista akanipa mkono kama mtu mzima. "Ahsante, mpimaji."

Niliona aibu, nikatamani udongo ule unifukie mimi. Baba akachota koleo jingine.

"Baba, acha!" nilisema. "Ulishuka. Ulifika tano. Nikausukuma mpini ndipo ukarudi."

Baba akachomeka koleo ardhini. Kisha akamgeukia Sista. "Umesikia, Sista. Bomba linavuja na sijui wapi. Jumatatu sitakuwa tayari. Nakuomba unipe mpaka Jumanne."

"Kazi yenyewe ya kwanza, na tayari unaomba siku?" Sista aliguna. "Haya. Jumanne saa nne. Nikikosa maji saa hiyo, natafuta fundi mwingine."

Sista alipoingia ndani, baba hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alianza kufukua. Nami nikafukua kwa mikono.

"Kwa nini?" aliuliza baadaye, bila kunitazama.

"Nataka turudi kota. Nilidhani kazi ikiharibika shirika litakuchukua tena."

Baba akaketi ukingoni mwa mtaro. "Juzi nilipita kule. Nilikuwa naenda kununua viungo vya bomba, miguu ikanipeleka yenyewe. Mlangoni kwetu kuna pazia la watu wengine. Nilisimama pale kama mtu aliyepotea njia. Hata mimi nina hamu na kule, usidhani ni wewe peke yako."

"Sasa kwa nini uliacha?"

"Miaka kumi na saba nimelaza mabomba, na sijawahi kumwona mtu akifungua maji yangu. Siku hiyo ikifika nimeshapelekwa kwingine. Nilitaka niwepo, hata mara moja."

Tulikuta panapovuja karibu na ukuta, kwenye kiungo kilichokaa upande. Baba alikata, akaunga upya, akasukuma pampu. Safari hii tulikaa wote wawili, saa mbili nzima, na mshale haukutikisika.

Jumanne saa nne Sista alifungua bomba la chumba cha kujifungulia. Lilikohoa, likatema hewa, kisha maji yakaja kwa nguvu. Baba aliweka mkono chini ya maji, akauacha hapo muda mrefu.

"Fundi, wapishe wengine nao wanawe mikono," Sista alisema huku akicheka. "Na usipotee. Kuna mwenzangu ana kituo chake, anatafuta fundi anayesema kazi ikiwa na kasoro."

Njiani nilimshika baba mkono. "Bado namkumbuka Pacha," nilisema.

"Kumkumbuka si kosa. Ungeniambia tu."

"Nilidhani utaumia."

"Ningeumia, ndiyo. Lakini wale akina mama wasingekuwa katika hatari ya kukosa maji. Sikiliza, mwanangu. Ukificha kinachokuuma, ukaharibu kazi ili kikutoke, atakayeteseka ni mtu asiyejua hata kosa lake. Kiseme, hata kama ni kigumu. Tutakibeba wote." Akaukaza mkono wangu. "Jumamosi nitakupeleka kwa Pacha mshinde pamoja. Jioni tutarudi nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Kwenye vyumba vyetu viwili. Ndiko nyumbani sasa."

Nililia pale pale barabarani, watu wakipita. Baba hakuniambia ninyamaze. Macho yake nayo yalikuwa mekundu, na tukaendelea kutembea.