Nyumba Pamoja na Wote Waliomo

Hamjambo nyote. Sogeeni, kaeni vizuri, na huyo aliyesimama mlangoni aingie au atoke, asibaki katikati. Naomba kimya. Hadithi hii imebebwa na neno moja tu, na likikupita limekupita.

Walikuwepo ndugu wawili wa tumbo moja. Dada mtu alikuwa fundi cherehani, na watu walimwita Fundi tu. Mdogo mtu aliuza mikate, akaitwa Mama Mikate, ingawa hakuwa na mtoto mwingine zaidi ya hiyo mikate. Fundi alipanga vyumba vya watu tangu ujana. Kila akizoea ukuta, mwenye nyumba anautaka ukuta wake, na cherehani inapanda tena kichwani.

Alipofika miaka hamsini na mbili akajiandikisha darasa la watu wazima. Mdogo wake alicheka mpaka akashika mbavu.

"Dada, meno yanaanza kung'oka ndiyo unaanza kutafuna herufi?"

"Cheka tu," akasema Fundi. "Siku nikinunua nyumba sitaweka dole gumba. Nitasoma mwenyewe, na jina nitaandika mwenyewe."

Ikawa kweli. Dalali alimpatia nyumba katika mji mdogo wa pwani, mtaa wa nyuma: vyumba viwili, ukumbi, na dirisha la nondo linalotazama kichochoro. Bei yake ilikuwa ndogo mpaka dalali aliitaja huku anakohoa. Mwenye nyumba alikuwa mzee mwembamba. Hakuinuka kitini kuwapokea. Alitaka jambo moja tu, mkataba usomwe kwa sauti, humo humo ndani.

Dalali akanyoosha mkono, lakini Fundi alishaiwahi karatasi. Akaweka kidole chini ya mstari.

"Na-u-za nyumba hii pa-mo-ja na wo-te wa-li-o-mo. Mnunuzi a-me-wa-po-ke-a, na atakaa nao." Akatabasamu kama aliyeokota kitu. "Mzee, hapa pamekosewa. Waliomo ni watu. Meza na kabati ni vilivyomo. Ndivyo tulivyofundishwa."

Mzee akamwangalia sana. "Umesoma vizuri, mama. Hebu rudia."

Akarudia. Akaombwa tena, na mara hii ya tatu neno likatoka zima, bila kukatwakatwa.

"Nilirekebishe?"

"La nini?" akasema dalali, anatazama saa yake. "Kosa la mchapaji hilo. Nyumba tupu, nani aliyemo? Panya?"

Wakacheka wote isipokuwa mzee. Fundi akaandika jina lake, herufi zimesimama kama wanafunzi mstarini. Hapo mzee akainuka, akatoka bila viatu, akashika njia kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Hakugeuka nyuma.

Wiki ya kwanza ilikuwa harufu. Saa nane mchana, jua linawaka, chumba cha ndani kinanuka nguo iliyokunjwa ikiwa mbichi. Fundi alifungua dirisha, akapiga deki, akabadilisha maji mara tatu. Harufu ikabaki.

Wiki ya pili ilikuwa sauti. Fundi alikuwa na desturi, akimaliza kushona anajisomea gazeti la zamani.

"Ba-ra-ba-ra," akasoma.

"Ra," kikajibu chumba cha ndani.

Akadhani ni mwangwi. Kesho yake ule mwangwi ukarudisha neno zima. Keshokutwa zikawa sauti nyingi, za wazee na za watoto, zinatamka kwa pamoja kama darasa. Siku ya nne zikamtangulia, zikasoma neno ambalo kidole chake kilikuwa bado hakijalifikia, nalo lilikuwepo kweli pale gazetini.

Akafunga gazeti, akavaa viatu, akaenda mlangoni, akaona kichochoro, akaona paka wa jirani amelala juani, akainua mguu avuke kizingiti, na mguu ulipotua alikuwa amekaa kwenye cherehani, mikono iko juu ya kitambaa, kana kwamba hajawahi kuinuka.

Mdogo wake alikuja na kapu la mikate.

"Dada, unaumwa? Wateja wanasema siku hizi hutoki."

"Mlango hauniachi," Fundi akanong'ona.

"Si huu hapa uko wazi?"

"Uko wazi, ndiyo. Nishike mkono, univute. Na usiseme kwa sauti, wanajifunza kwetu."

Mama Mikate akamshika kwa mikono miwili, akavuta. Alipofika nje alikuwa peke yake, na kiganjani amebakiwa na uzi mweusi.

Akaenda kumtafuta bibi wa dawa, mganga anayesifika mji mzima. Bibi alifika kichochoroni akakataa kuingia. Akasimama chini ya dirisha, akaomba asomewe ile karatasi. Fundi akamsomea kupitia kwenye nondo.

"Pepo aliyevamia namfukuza," bibi akasema polepole. "Hawa hawakuvamia. Wamekabidhiwa, na wewe umewapokea mara tatu kwa mdomo wako. Sasa neno lazima libadilishwe na mkono uleule uliotia saini. Ila utoke kwanza. Neno jipya litamshika kila aliye ndani."

"Bibi, kutoka ndiko kunakonishinda."

"Basi usiliguse mpaka nirudi keshokutwa. Umenisikia? Usiliguse."

Kesho yake saa nane zile sauti hazikungoja gazeti. Zilianza zenyewe kusoma jina la Fundi, silabi kwa silabi, na kila zikirudia yeye alikuwa anasahau kidogo kwamba jina lile ni lake. Mdogo wake alipopita dirishani alimkuta ameshika kalamu.

"Mkono ndio unaoandika," akamnong'oneza. "Nikiutoa nje mkono, si nitakuwa nimeandika nikiwa nje?"

"Dada, bibi alisema..."

"Bibi hajui kusoma, mdogo wangu. Mimi najua. Shika karatasi."

Mama Mikate akaweka sinia la mikate chini ya karatasi, akalishikilia kwa juu. Fundi akapenyeza mkono wa kulia kati ya nondo mpaka begani, shavu limebanwa kwenye chuma, jicho moja linatazama nje na la pili limebaki na chumba, na nyuma yake zile sauti zikasogea karibu, zikasogea mpaka nywele zake za kisogoni zikawa zinapeperushwa na pumzi, naye akakata maneno wote waliomo, akaandika juu yake, herufi nzuri za mviringo, vyote vilivyomo.

Pakawa kimya. Hata harufu ikakatika.

"Dada, toka sasa," Mama Mikate akasema, anacheka na kulia.

Akagonga nondo kwa sinia.

"Dada, upo?"

Ndani ikajibu sauti ya dada yake, taratibu, kama mtu anayefuata mstari kwa kidole.

"Ki-po."

Mama Mikate akaingia mbio. Cherehani ilikuwepo. Kiti kilikuwepo. Kabati lilikuwepo. Na pale dirishani palikuwa na sanamu ya kupimia nguo, ile isiyo na kichwa, imevikwa gauni la Fundi, shingoni imefungwa kwa mshono safi wa uzi mweusi. Mkono wake wa kulia ulikuwa umetokea nje ya nondo. Akazunguka mpaka kichochoroni. Ule mkono ulikuwa wa moto, mishipa inapiga, na vidole vinaandika hewani.

Kila siku akawa anauwekea karatasi. Mkono unaandika haraka haraka, unagonga sinia, unaandika tena. Yeye hakujua kusoma, na kumwonyesha mtu aliogopa, maana ataulizwa nani kaandika, na watu wakiujua ule mkono wataukata. Bibi wa dawa aliporudi aliutazama, akajifunika uso, akaondoka. Dalali hata kwake alishahama. Basi Mama Mikate akajiambia ni vidole tu vinavyotapatapa. Mkono akaufunika gunia. Na karatasi ni karatasi, akazifungia mikate.

Lakini moyo haukutulia. Akaenda darasa la watu wazima, akakaa kiti kilekile alichokalia dada yake. Mwalimu alimshika mkono juu ya kalamu kama anavyoshikwa mtoto. Miezi saba. Mpaka mteja mmoja akamrudishia karatasi moja aliyofungia mkate, akasema kuna maandishi huenda anayahitaji. Akasimama palepale njiani, akasoma yote bila msaada.

"Futa. Rudisha neno la kwanza. Upesi, bado nimo."

Alikimbia mpaka dirishani, akatoa gunia, akaweka karatasi safi. Mkono ulikuwa umepoa kidogo. Ukaandika polepole, neno moja, ukaacha.

"Kimo."

Hiyo ilikuwa jana. Na Mama Mikate mnayemsikia habari zake ndiye huyu mnayemwona mbele yenu.

Mkataba ninao hapa kwenye kapu. Nitasimama nao nje, hatua mbili kutoka ukutani, nitaushika mkono wa dada yangu kama mwalimu alivyoushika wangu, na tutaandika waliomo. Najua nao watarudi. Warudi. Bora akae nao akiwa mtu.

Saa nane inakaribia, wacha niende. Nitarudi, na nitawasomea mkono ulichoandika. Nikichelewa msinifuate ndani. Simameni kichochoroni mpige hodi dirishani, muulize kama nipo, halafu sikilizeni vizuri nimejibuje.