Fundo la Tisa

Mniwie radhi mapema, maana hadithi hii nitaiharibu. Mimi nimezoea kusimama mbele za watu ili wacheke, na mtu wa namna hiyo kumkabidhi jambo la kutisha ni kama kumwachia mbuzi alinde mchicha. Pa kunyamaza nitapayuka, pa kupayuka nitasahau. Ila yaliyotokea yalitokea, nyumbani kwa binamu yangu, mchana kweupe, na lawama nitazigawa kwa haki, kila mtu na fungu lake. Msiwe na haraka.

Binamu yangu ni mwalimu wa hesabu, na wanafunzi wamembandika jina la Mwenyewe. Si kwa sababu ana mali. Ni kwa sababu kitu kikiharibika, iwe bomba, kitasa au pasi, yeye husema, "Acheni, nitatengeneza mwenyewe." Nyumbani kwake kuna mlango unaofunguka ukiupiga teke kwa chini, na swichi ya taa inayowasha feni. Mkewe ameshazoea. Akitaka mwanga, huanza kupata upepo.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatatu ya kawaida, likizo ya shule ndiyo imeanza. Mama mkwe wake alikuwa ametimiza mwezi ndani. Alivunjika nyonga, akatoka hospitali, akaletwa kwa binti yake na kulazwa chumba cha nyuma. Mwanamke huyo alikuwa matroni wa wodi miaka thelathini. Enzi zake akikohoa tu, wauguzi walipanga mstari. Sasa kazi yake ilikuwa kuhesabu madoa ya dari. Mlango wa nyuma una ngazi tatu za kushukia uani, na kiti cha magurudumu hakina mabawa. Daktari alikuwa amesema wazi: asipotoka nje, akapata jua na kuanza kukanyaga, miguu hiyo italala moja kwa moja, na mgonjwa ataifuata. Kwa hiyo ilitakiwa baraza ya mbao, sawasawa na kizingiti, atolewe na kitanda chake aote jua.

Mkewe alisema aitwe fundi. Ndugu mmoja wa ukoo, mtu mwema tu ambaye sina haja ya kumtaja, akasema fundi wa nini, kazi yenyewe nguzo sita na mbao juu. Mwenyewe akamsikiliza huyo ndugu. Hilo ni kosa la kwanza, liwekeni kiporo.

Hadi saa sita alikuwa amechimba mashimo matano na kusimamisha nguzo tano, kwa gharama ya mpini mmoja wa koleo na kucha ya kidole gumba. Kilichomtesa ni pembe. Mtu anayefundisha pembe mraba tangu ana nywele, kila akipima kona inatoka imeinama kama kofia ya mlevi. Akapima mara nne, akapata majibu manne. Mara ya tano tepu ikajirudisha ndani ya kopo lake, ikagoma kutoka. Akaipigiza ukutani. Ukuta ukabanduka rangi.

Yule ndugu mwema akampa kamba. Kamba nzuri ya pamba, nyeupe, imelainika kwa kushikwashikwa, ina mafundo manane yasiyo na mpangilio. "Kamba ni kamba," ndugu akasema.

Mwenyewe akaingia nayo chumba cha nyuma, ajue baraza iwe na urefu gani ili mgonjwa atoshe akiwa amelala. Akaweka ncha moja utosini kwa mama mkwe, akainyoosha hadi kisiginoni, akafunga fundo la tisa.

"Pima vizuri, mkwe wangu," mama akamwambia. "Ila ujue bado sijafa."

Walicheka wote, hata mke aliyekuwa amenuna tangu asubuhi.

Akarudi uani kumalizia shimo la sita, la kona. Zege lilikuwa limeshachanganywa, linaanza kukaza kwenye karai, jua linachoma, mgongo unadai haki zake. Alipoinama, kamba ikamponyoka ikadondoka shimoni, yote. Akaitazama kamba. Akalitazama zege. Akasema maneno ambayo mwalimu hatakiwi kuyajua, akamwaga zege juu yake. Nguzo ikasimama. Pimamaji likasema sawa.

Jumanne asubuhi nguzo tano zilikuwa kama alivyoziacha. Ya kona ilikuwa imezama shubiri nzima.

Akalaumu udongo. Akalaumu mchanga, akalaumu kokoto, akamlaumu mkewe kwa kumwaga maji ya kuoshea vyombo uani. Akachanganya zege lingine, akainua nguzo, akajaza. Ndani, mama mkwe aliomba soksi. Alisema nyayo zimekuwa baridi kama amekanyaga sakafu ya chumba cha maiti, na huyo ni mtu aliyekikanyaga, anajua.

Jumatano nguzo ilikuwa imezama kufika kiwiko. Zege la jana halikuonekana. Halikupasuka, halikumwagika. Halikuwepo. Mwenyewe alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akafanya hesabu kwenye kipande cha mbao: ujazo wa shimo, ujazo wa zege. Shimo lilikuwa limekula mara tatu ya tumbo lake. Akafuta, akaanza upya. Hesabu ikarudia neno lile lile. Akavunja ile mbao kwa goti, goti ndilo likaumia.

Akamwaga karai nne zaidi, kwa hasira, kama mtu anayemlisha adui.

Jioni mkewe alipobadilisha shuka za mama, akamwita kwa sauti ya chini. Baridi ilikuwa imefika magotini. Akamvua mama soksi. Katikati ya vidole kulikuwa na mchanga. Visiginoni, kuzunguka miguu yote miwili, kulikuwa na ukoko wa kijivu uliokauka. Mke aliukwangua kwa ukucha, akaupeleka puani.

Ilikuwa saruji.

"Umeingia humu na viatu vya kazi?" akamuuliza mumewe.

Hakuwa ameingia. Lakini alisema ndiyo, kwa sababu ndiyo ilikuwa rahisi zaidi.

Alhamisi alitoka uani na kikombe cha chai mkononi. Nguzo ya kona haikuwepo. Ilibaki ncha yake tu, usawa wa ardhi. Na shimo, alilolichimba duara, halikuwa duara tena. Lilikuwa la mstatili. Refu, jembamba, kingo zimenyooka kama zimekatwa kwa kisu. Alichukua mkoba wake wa shule, akatoa kipimapembe cha darasani, akapiga magoti akapima kona moja baada ya nyingine. Tisini. Tisini. Tisini. Tisini.

Tangu aanze kazi ile, hizo ndizo pembe za kwanza kutoka sawa. Na hakuzikata yeye.

Ndani, mama mkwe alikuwa haisikii nyonga, hata ile iliyovunjika. Hakulalamika, na hilo ndilo lililomtisha binti yake. Alisema tu, polepole, kwamba huko chini kuna mtu anapiga randa.

Mwenyewe akakimbilia duka la vifaa. Hata sasa akilini alikuwa anataka saruji. Mtu mbishi hukata tamaa kwa awamu. Mwenye duka, mwanamke mnene mwenye mdomo mwepesi wanayemwita Mama Misumari, alikuwa anapima misumari kwenye mizani.

"Mwalimu, mfuko wa nne huu. Unajenga baraza au unaziba ziwa?"

Kwa kero aliyokuwa nayo akamwaga yote: nguzo, zege, miguu ya mama, tepu iliyokufa, kamba iliyomponyoka. Hapo kwenye kamba, mkono wa Mama Misumari ukasimama ndani ya misumari.

"Kamba ya pamba?"

"Ndiyo."

"Ina mafundo?"

"Manane. La tisa nilifunga mimi, nilipompima mama mkwe."

"Amesimama?"

"Amelala."

Mama Misumari akairudisha misumari kwenye boksi. Akamvuta mwalimu mkono hadi nyuma ya mifuko ya saruji, mahali ambapo wateja hawasikii. Pale jirani, akamnong'oneza, kuna seremala wa majeneza. Haji na tepu kwa wafiwa, huja na kamba. Kila fundo ni mtu, na kila mtu wa fundo yuko ardhini. Kamba yake imepotea tangu Jumatatu, amepekua hadi maranda, na hajapokea kazi tangu hapo. Alisema kamba ile inajua kazi moja tu. Ikimpima mtu, haimwachi juu.

"Nikamwage zege kiasi gani ili itulie?"

"Usimwage tena, mwalimu. Unamfukia."

Alifika nyumbani saa saba, jua la utosini, kila kivuli kimejikunja chini ya mwenyewe. Akashika sululu. Alitegemea zege gumu la siku nne. Sululu ikaingia kama kwenye uji. Chini, zege lilikuwa bichi, baridi, na linanuka mbao zilizopigwa randa.

Akalala kifudifudi, akazamisha mkono hadi begani. Vidole vikagusa kamba.

Ilikuwa imekaza.

Akavuta. Upande wa pili ukavuta pia. Si kwa nguvu. Taratibu, kwa subira, kama msaidizi aliyeshika ncha ya pili anakungoja usome kipimo.

Mkewe akatokea dirishani. Alikuwa amemkumbatia mama kwapani asizidi kuzama kitandani.

"Baba watoto," akanong'ona. "Usivute. Ukivuta, anashuka."

Akaacha kuvuta. Akabaki amelala, shavu kwenye tope, mtu ambaye hajawahi kutengeneza kitu kikatengemaa. Hasira zote za siku nne zikamwisha, ikabaki hofu peke yake. Akaanza kupapasa mafundo gizani. La kwanza, dogo, gumu kama punje ya mahindi. La pili, vivyo hivyo. Mafundo ya mtu anayejua kazi. La tatu. La nne. Kitu kilikuwa kinapumulia vidole vyake. La tano. La sita.

La saba lilikuwa baya. Limevimba, limekaa upande, limefungwa kama kamba ya kiatu cha mtoto.

Ndilo lake, la tisa kwa kufungwa, la saba kwa kukaa.

Fundi angelifunga likakaza, na leo tungekuwa tunasimulia mengine. Lake lilitaka ukucha mmoja tu. Mara ya kwanza maishani, kazi yake mbovu ikamfaa. Fundo likafunguka.

Kamba ikalegea. Chini kabisa pakasikika sauti, kofi moja, kama kifuniko kilichofungwa kwa adabu.

Na chumba cha nyuma matroni mstaafu akapiga teke kikombe kikavunjika, akasema miguu inamuungua, na nani huyu anamminya mbavu kama anakamua nguo.

Fundi wa kweli aliletwa kesho yake. Mwenyewe alimpa koleo, akaenda kukaa kwenye ile ndoo. Baraza ilikamilika kwa siku mbili, na mama mkwe sasa huota jua pale, akikosoa kila apitaye. Wiki ya tatu alisimama kwa fimbo. Ukoko wa saruji ulitoka kwa maji ya moto, ila mstari wake umebaki kwenye ngozi, kuzunguka visigino vyote viwili, mnyoofu kama wa pimamaji.

Kamba waliitoa shimoni, wakaiosha, wakaianika kwenye kiti, wakahesabu. Mafundo manane ya seremala, la tisa lilifunguliwa, yabaki manane.

Yalikuwa tisa.

Hilo la tisa lilikuwa dogo, gumu, la mtu anayejua kazi. Mwenyewe akajipima, likampita. Mkewe akajipima, likampita zaidi. Mama mkwe akakataa hata kuigusa. Kisha wote watatu wakageuza shingo, wakamtazama yule ndugu mwema wa ukoo, aliyekuwa amesimama mlangoni anakunywa chai ya watu.

Haya. Ndugu huyo ni mimi. Kamba niliichukua juu ya benchi la seremala, alipokwenda kula, kwa kuwa tepu inanunuliwa na kamba ilikuwa imelala tu pale. Wakaniambia niliyeichukua niirudishe. Njiani nikajibanza nyuma ya ukuta, nikaiweka utosini, nikainyoosha. Fundo likaja kukaa kisiginoni kwangu, halikuzidi wala halikupungua hata unywele. Nilijaribu kulifungua kwa meno. Jino ndilo lilitoka.

Seremala aliipokea, akahesabu kwa kidole gumba.

"Hili sikulifunga mimi," akasema. Halafu akanitazama kuanzia utosini hadi kwenye viatu, polepole, kama mtu anayechagua mbao.

Ndiyo maana siku hizi mkiniona nakuja nimekunja magoti na kuinamisha shingo, msianze kucheka, hilo si igizo. Nakwepa kipimo nilichokiiba mwenyewe.