Goti la Biringanya

Biringanya lilishuka ngazi za kituo cha treni cha Minamihara huku likipunga mikono yote miwili, na wazee waliokuwa wakilingoja chini wakaanza kupiga makofi. Lilikuwa biringanya refu kuliko mtu, la zambarau, lenye macho makubwa kama visahani na kikonyo cha kijani kichwani. Jina lake Nasumaro. Lilimkumbatia mzee wa kwanza, likamtikisia kidole wa pili aliyesahau kuvaa skafu, kisha likamwendea bibi mmoja mwenye kofia ya manjano na kumfunika kabisa kwa mikono yake minene. Bibi alifumba macho, akatulia humo kifuani mwa biringanya kama mtu aliyefika kwao.

Wote walitabasamu isipokuwa Mhandisi Shemsa Kilindi, aliyetumwa na Jiji la Tanga kuukagua mtambo huo kabla jiji halijaagiza wake. Yeye alikuwa akiangalia goti.

Kila liliposhuka ngazi, mguu wa kushoto wa Nasumaro ulisita kidogo kabla ya kukanyaga, na mkono wa kushoto ukaegemea nyonga, kama mtu anayeficha maumivu mbele za watu. Jana ilikuwa hivyo hivyo, na juzi pia. Shemsa alikuwa ameshinda na mashine tangu ujana wake, na hakuwahi kukutana na mashine yenye baridi yabisi.

"Bi Aratani," alimwambia mwenyeji wake, "humo ndani kuna mtu?"

Kitafsiri, kidude alichokuwa amekibandika kwenye kola, kililitoa swali lile kwa sauti kubwa kuliko alivyotaka. Makofi yakakatika. Wazee wakatazama viatu vyao. Bi Mizuki Aratani wa kampuni ya Maruwara, mwanamke mwembamba asiyepandisha sauti, aliinamisha kichwa kama aliyeona aibu kwa niaba ya mgeni wake.

"Ndani hamna mtu," alisema.

"Ndani hamna mtu," mzee mmoja aliitikia, na wa nyuma yake akarudia, kama watu wanaoitikia dua.

Katika nchi ile kila mji, kila kituo cha polisi, hata ofisi ya kodi, ilikuwa na kinyago chake cha kuchekesha: samaki, mboga, paka aliyevaa kofia ya zimamoto. Zamani vilikuwa mavazi tu, na binadamu alitokwa na jasho ndani yake. Kila mtu alijua yumo, lakini kumtaja ulikuwa mwiko, wala hakuna aliyemuuliza jina au kumshukuru, maana ndoto za watoto zingeharibika. Baadaye vikaja vivazihai, mavazi yanayotembea yenyewe kwa misuli bandia na akili ya kuundwa, na mwiko ukabaki pale pale.

Shemsa alikuwa ameona na jambo jingine, ambalo vitabu vya watalii havikumwambia. Watu hawa walipishana njiani bila kugusana hata bega. Kumbebesha jirani huzuni yako, kwao, ilikuwa aibu kubwa, basi huzuni zao walizikalia wenyewe majumbani mpaka zikawazidi. Ndipo wakajitafutia biringanya. Biringanya huwezi kulisumbua, na likishakukumbatia haliendi kukusema kwa majirani.

Siku hiyo hiyo alidai lifunguliwe. Bi Aratani hakupinga, na huko kutopinga kukamzidishia Shemsa wasiwasi. Karakanani fundi alifungua mgongo wa Nasumaro kwa ustaarabu mwingi, kwanza akaliomba radhi. Ndani mlikuwa na misuli bandia iliyosukwa kama ukili, betri, na ubongo wa kioo usiozidi ngumi. Mtu hakuwemo. Shemsa alilipima goti la kushoto, akalipima la kulia, akarudia. Yalikuwa sawasawa, mazima, yanateleza kama yaliyopakwa siagi.

"Basi kwa nini linachechemea?"

"Mwendo tumeutoa kwa mwili-mama," Bi Aratani alieleza. "Mashine haiwezi kubuni upole, Mhandisi. Tunamvisha mtu vihisio mwili mzima. Anatembea, anacheka, anakumbatia, mpaka mashine ishike kila kitu. Ni kama kuchukua mbegu."

"Na huyo mtu ni nani?"

"Ndani hamna mtu."

"Sikuulizi aliye ndani. Nakuuliza aliyetoa mbegu."

Bi Aratani alitabasamu, akamwongezea chai. Shemsa hakuigusa. Chai ya kuzibwa mdomo haipiti kooni.

Na alikuwa na sababu ya kung'ang'ana. Mwili-mama wa Tanga alishapatikana, naye alikuwa mdogo wake wa tumbo moja. Jiji lilitaka kivazihai chake kiwe chungwa, kwa heshima ya machungwa ya Muheza, na chungwa lilihitaji mwendo. Nani Tanga nzima hakuujua mwendo wa Mbwana Kilindi, mshereheshaji wa harusi? Aliingia ukumbini bega moja mbele, kisigino kimoja kikiburuta, na watu wakashika mbavu kabla hajafungua kinywa. Mbwana alishakubali. Kilichobaki ni saini ya dada yake tu.

Jioni alipiga simu nyumbani. Simu za zama hizo zilitandaza chumba cha mwenzako ukutani kwako, basi sebule ya Tanga ikafunguka mbele ya kitanda chake cha hoteli. Mama yao, ambaye nuru ya macho ilishamwacha, alikuwa mkekani akichambua mchicha kwa vidole.

"Huyo Mbwana anakuja," mama alisema ghafla. "Hebu mmiminieni chai."

Mlango ukafunguka baadaye, akaingia Mbwana. Mama alimjua kwa kishindo cha miguu tangu uwanjani.

"Dada, usiniharibie," Mbwana alianza. "Nitakuwa chungwa la jiji zima! Hata watoto ambao hawajazaliwa watanicheka."

"Wamekwambia masharti?"

"Masharti yapi tena? Nitembee, nicheke. Hiyo si ndiyo kazi yangu?"

"Mdogo wangu, hawa watu kuna kitu wananificha."

"Pengine hawana cha kukuambia. Wewe dada umezaliwa na shaka. Hata maziwa ya mama ulikuwa ukiyanusa kwanza."

Mama akacheka mpaka mchicha ukamwanguka. Shemsa alicheka pia, lakini shaka haikumtoka.

Asubuhi, kwenye uwanja wa kituo, alimwona mtu ambaye siku zote macho yake yalikuwa yakimruka: mzee kwenye kiti cha magurudumu, kando ya mashine ya kuuzia vinywaji, blanketi mapajani. Nasumaro alishuka ngazi. Bibi wa kofia ya manjano alisogea mbele. Na kabla biringanya halijafungua mikono, mikono ya mzee iliinuka kutoka kwenye blanketi, yote miwili, ikafunguka vile vile. Kisha mzee akaikandamiza mapajani kama anayezuia kifuniko cha chungu kinachochemka.

Nimekupata, Shemsa aliwaza. Aliamini chini ya blanketi kulikuwa na rimoti, na kwamba mashine iliyosifiwa kwa akili ilikuwa ikivutwa kamba na mzee mgonjwa. Huo ungekuwa udanganyifu wa wazi, wa kuuandikia taarifa na kurudi nyumbani.

Alimfuata. Manyunyu yalianza. Mzee alijisukuma mpaka kichochoro chembamba, akasimama mbele ya nyumba yenye ngazi, akatazama kushoto, akatazama kulia. Halafu akainuka. Akakikunja kiti, akakibeba, akapanda. Mguu wa kushoto ulisita. Mkono wa kushoto ukaegemea nyonga.

"Shikamoo, mzee!" Shemsa alisema, maana mshangao ulimrudisha kwenye lugha ya utotoni.

Kitafsiri kilikosa neno, kikanyamaza. Mzee aligeuka kama mwizi aliyekamatwa, akaketi palepale kwenye ngazi.

"Tafadhali," alisema. "Usimwambie mtu kwamba natembea."

Jina lake lilikuwa Genzo Kuramochi. Alikuwa amekaa ndani ya Nasumaro tangu Nasumaro akiwa kitambaa na sponji na yeye akiwa kijana. Goti lilimharibikia humo humo, kwenye ngazi zile zile. Mashine ilipokuja aliambiwa aifundishe, naye akafurahi kwamba sasa atapumzika.

"Na hiki kiti?"

"Mzee wa mtaani akitembea kama Nasumaro, watu watajua kwamba palikuwa na mtu. Kwa hiyo mwendo ni wake sasa. Mimi mbele za watu sitembei. Sipungi mkono. Simkumbatii mtu. Niliahidi."

"Walikulazimisha!"

"Hapana," mzee alisema, na alionekana kuumizwa na neno hilo. "Niliona ni haki. Nimewaambia watoto maisha yangu yote kwamba ndani hamna mtu. Nije kuwa mwongo uzeeni?"

Kinyago ulichokichonga mwenyewe hakikutishi, ndivyo wasemavyo kwao Shemsa. Huyu chake kilikuwa kimemtisha mpaka akaacha kutembea. Shemsa alitaka kukasirika, akakosa wa kumkasirikia.

"Na yule bibi wa kofia ya manjano?"

Mzee alikiegemeza kiti ukutani.

"Fumie. Mke wangu. Yuko kwenye nyumba ya wazee, kumbukumbu zimemwacha. Naenda kumwona kwa kiti hiki, ananiuliza mimi ni nani. Nikimtajia jina, ananiomba radhi." Alilisugua goti. "Lakini mwendo hakuusahau. Kila siku anaomba apelekwe kituoni. Anasema mume wake hushuka ngazi pale."

"Mwendee kwa miguu yako!" Shemsa alisema, machozi yakimlenga. "Mara moja tu, mzee wangu. Atakujua!"

Kuramochi aliinuka, akainama mpaka kisogo kikaonekana.

"Watoto pia watajua," alisema, akaingia na kuufunga mlango taratibu.

Mchana Bi Aratani aliweka kibao cha kioo mezani, mahali pa saini pakiwaka.

"Mdogo wangu atakatazwa kutembea?" Shemsa aliuliza.

"Kutembea kwa mwendo ule tu. Tumeanza kumfundisha mwingine mzuri. Jana usiku tulimpigia, tukamweleza, naye hakuona shida." Alisema kwa upole, na ubaya ni kwamba upole ule ulikuwa wa kweli.

Shemsa aliomba ruhusa, akaita Tanga papo hapo, na sebule ya kwao ikajitandaza kwenye ukuta wa ofisi. Mama alikuwa mkekani. Kutoka barazani zikasikika hatua fupi, zilizonyooka, za karani anayewahi kazini. Alikuwa Mbwana, mabega yamelingana, mikono inaning'inia. Alimwona dada yake, akamkonyeza, akaweka kidole mdomoni ili amwoneshe alivyohitimu, kisha akapita mbele ya mama kwa mwendo wake mpya.

Mama aliacha kuchambua. Akavuta khanga, akajifunika kichwa vizuri, kama afanyavyo mtu wa heshima mbele ya mgeni.

"Karibu, baba," alisema. "Mwenyewe Mbwana hayupo, lakini hakawii. Keti umngoje."

Mbwana alisimama katikati ya sebule. Kicheko alichokuwa amekiandaa kilimfia usoni, na hakujua autangulize mguu upi.

"Tuendelee, Mhandisi?" Bi Aratani aliuliza.

Shemsa alikisukuma kile kibao mpaka kikamfikia mwenyewe upande wa pili wa meza.

"Ndani kuna mtu," alisema.