Kisanifu cha Bi Maimuna

Kidude chenyewe hakizidi punje ya ufuta, na hukaa ndani ya sikio. Asubuhi ile, soko la Kongowea, mama mmoja wa Vanga alikuwa akibishana na mchuuzi wa Pate, na mteja kutoka Nakuru akidakia katikati, kila mmoja kwa Kiswahili cha kwao. Hapana aliyeuliza, "Wasemaje?" Kisanifu hulichukua neno la msemaji, hulitupa, kisha humtilia msikilizaji neno analolijua yeye, kwa sauti ileile ya msemaji. Ndiyo maana watu husahau kwamba kipo.

Fundi aliyekibuni, Bi Maimuna, alipita katika kelele hizo na mkoba wake wa vipimo. Miaka thelathini na mmoja ya kazi. Alikianza baada ya mamake kulazwa hospitali, akamweleza roboti muuguzi maumivu yake kwa Kimvita cha zamani, na roboti akajibu siku tatu mfululizo: "Sijaelewa. Tafadhali rudia." Siku ya nne hapakuwa na wa kurudia. Basi Maimuna akaapa kwamba hapana mzee mwingine atakayeambiwa hivyo. Na kweli, hapana aliyeambiwa.

Lakini leo alikuwa amechoka, ule uchovu usiotoka kwa kulala. Alasiri hii mjukuu wake Mishi, wa miaka saba, angetiwa kisanifu kipya, kile kinachopandikizwa mfupani na hakitoki tena. Cha zamani alikivaa tangu hajaanza kusema. Bi Maimuna alitaka kitu kimoja tu: mtoto amsikie, walau mara moja, kwa sikio lake mwenyewe.

Alipofika nyumbani, Ndia Kuu, alimkuta Mishi sebuleni.

"Hebu kitoe hicho."

"Mama atanigombeza."

"Mamako nimemzaa mimi. Kitoe."

Mishi akakitoa, akakiweka kwenye kisahani.

"Haya, ndoo uketi hapa."

Mtoto akarudi nyuma hatua moja. "Bibi, mbona unaongea kama mgeni?"

Bi Maimuna akavua viatu, akajishusha mkekani taratibu. "Kitendawili!"

"Tega," akasema Mishi, kwa wasiwasi.

"Hupita ndiani hana maguu, huita watu hana kanwa."

"Ndiani ndiyo wapi?"

Bibi akamwonyesha dirishani. "Pale watu wanapopita. Ndia."

"Kumbe Ndia Kuu ni njia!" Mishi akacheka. "Mimi nilidhani ni jina tu. Na maguu?"

Bibi akajipiga miguu yake iliyovimba.

"Hayo kweli ni maguu, Bibi! Hiyo si miguu."

"Una adabu wewe?" Akajigusa mdomo. "Na hili ndilo kanwa."

Mishi akawaza. "Upepo?"

"Upepo wamwita nani?"

"Basi nimeshindwa."

"Nipe mji."

"Mji wa nini?" Mtoto hakuwahi kushindwa kitendawili. Kisanifu kilikuwa kikilitupa neno la fumbo na kumtilia jepesi kabla hajaumiza kichwa.

"Ukishindwa wanipa mji niutawale, ndipo nikwambie."

"Chukua Mombasa."

"Mombasa nimeipata," akasema Bi Maimuna polepole, kama aliyetwishwa gunia. "Nimeingia, nimesema na watu, wote wameniitika, hapana aliyenisikia."

Mlango ukafunguka. Alikuwa Nasra, mamake Mishi. "Mishi, viatu! Kliniki wanatungoja. Mama! Umemtoa kisanifu? Wewe uliyekitengeneza?"

"Bibi, jibu! Upesi!"

"Harufu ya wali, mwanangu. Mtele ukitokota."

"Mtele ni nini?"

Nasra alikwisha kumshika mkono. "Twende. Kisanifu kitakwambia."

Wakashuka ngazi. Bi Maimuna alibaki mkekani. Alijua hakitamwambia; kitalitupa neno mtele, kimtilie mchele. Yeye ndiye aliyekipa kazi, na kazi yenyewe ni kuhakikisha swali hilo haliulizwi tena.