Utepe wa Mzee Telesfori

"Usimfunue, Avelina! Huyo ni baba mkwe wako!"

Mkono wa Daktari Avelina ulibaki hewani, juu ya blanketi la mzee Telesfori, ambaye mkewe alikuwa amemshika miguu. Turubai la kitengo cha dharura lilikuwa limefurika. Lori la wakimbizi waliotoka kutafuta kuni lilikuwa limepinduka njia ya Murusagamba, na redio ya upepo ilikuwa imetamka maneno machache tu: "Majeruhi ni wengi. Jiandaeni."

Aliyemkataza ni Manirakiza, muuguzi pale kambini, Mrundi, mchumba wake. Posa ilishapokelewa kwa wazazi wa Avelina, Watanzania wa Bugarama. Kwa familia zote mbili, mke wa mwana na baba mkwe hawakaribiani hata mkekani, sembuse kumvua shati na kumbonyeza tumbo.

"Shikamoo, baba. Unaumwa wapi?" aliuliza Avelina, macho pembeni.

"Marahaba. Siumwi, mwanangu. Nimechubuka tu. Waone watoto kwanza."

"Umemsikia," Manirakiza alisema. "Nenda kwa wengine."

Daktari Bernardo alikuwa upande wa pili, anashona kichwa cha mtu. Alikuwa anahamia Biharamulo, naye ndiye aliyempendekeza Avelina arithi kitengo. Wiki ile alimwachia aamue mwenyewe: utepe mwekundu kwa wa kutibiwa kwanza, wa njano kwa wanaoweza kungoja.

Avelina alimfunga mzee utepe wa njano bila kumgusa tumbo. Akaenda kwa mtoto aliyevunjika mguu.

Aliporudi, midomo ya mzee ilikuwa imepauka. Alipiga kelele kumwita Bernardo, akaja, akalitupa blanketi. Tumbo lilikuwa limevimba, gumu.

"Bandama imepasuka," alisema kwa sauti ya chini. "Huyu alikuwa wa kwanza, Avelina."

Wakamkimbiza kwa machela. Alikata roho kabla hawajafika chumba cha upasuaji.

Mapenzi bwana! Msibani Manirakiza alilia begani kwa Avelina kama mtoto. Matanga yalipoanuliwa tu, kamati ya hospitali ikakaa kuamua nani apewe kitengo, na mtu wa kwanza kusimama akawa yeye.

"Baba yangu aliachwa afe kwa sababu ni mkimbizi!" alifoka. "Angekuwa Mtanzania angefungwa utepe mwekundu. Huyu ndiye mnataka kumpa kitengo?"

Avelina alimtazama mwanaume aliyempenda kuliko mtu yeyote, naye Manirakiza akakwepa macho yake.

"Daktari Avelina, jibu," Bernardo alisema.

Neno moja tu lingetosha kumwangamiza Manirakiza. Hakulisema. Alikuwa bado anampenda, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Utepe niliufunga mimi," alisema. "Ilinipasa nimpime. Sikumpima."

"Mbona husemi yote?"

Watu waligeuka. Alikuwa Odeta, mjane wa Telesfori, nyuma kabisa.

"Manirakiza, mimi nilikuwa nimeshika miguu ya baba yako. Nilikusikia unamkataza asimfunue."

"Mama, nyamaza..."

"Sinyamazi! Nilikusikia, tena nikafurahi, nikasema nimepata mkwe mwenye adabu. Kumbe sote tulikuwa tunamuua."

Manirakiza alimgeukia Avelina.

"Niliogopa, Avelina. Ningesemaje kwamba nimemuua baba kwa mdomo wangu?"

"Ukaona heri unizike mimi."

"Nisamehe. Tufunge ndoa, tuhame hapa."

"Ungesema ukweli tungelia pamoja, na ningeolewa nawe hata bila mahari," Avelina alisema, machozi yakimtiririka. "Lakini ulinishitaki kwa kosa ulilolijua. Posa yenu itarudi kesho."

Kamati ilimpa kitengo, kwa sharti kwamba Bernardo aendelee kumfundisha mpaka atakapohama. Hakuna aliyepiga makofi. Nje, Avelina alipiga magoti mbele ya mjane.

"Mama, niruhusu niendelee kukuhudumia. Niwe mkwe wako hata kama ndoa haipo."

Odeta alimwinua, akamfuta uso kwa ncha ya kitenge chake. Naye alikuwa analia.

"Nilikutaka sana uwe mkwe wangu, binti. Lakini hapa kambini mganga ni wewe. Usiwe mkwe wangu tena. Siku nikiletwa kwako, unifunue. Nisije na mimi nikafa kwa heshima."