Majina Kumi na Moja

Kila asubuhi mwalimu mkuu alisimama langoni kutusalimia, nami kando yake niliandika majina ya waliochelewa. Mwandiko wangu ulisifiwa shule nzima, na sifa, kusema kweli, zilinipanda kichwani.

Basi siku ya mkutano wa wazazi nikakabidhiwa daftari la mahudhurio. Mama yangu, fundi cherehani, alikuwa amezidiwa na kazi. Akaniambia nimwandike, atakuja akimaliza kupinda gauni. Majirani kumi nao wakaniomba hivyo hivyo. Mtaani kwetu ndiyo desturi: jina hutangulia, mwenyewe hufuata. Nikawaandika wote kumi na mmoja, na siku ile hakufuata hata mmoja.

Ndani ya ukumbi mambo yalichacha. Mwenyekiti wa bodi alitaka mwalimu mkuu aondolewe kwa sababu alikataa kuwafukuza watoto wasio na sare, na watoto hao nao wafukuzwe. Wazazi wakagawanyika, kila mmoja akivutia kwake. Mzazi mmoja, kinyozi, akasimama kusema kwamba watu hawatoshi kupitisha jambo zito namna ile.

Mwenyekiti akainua daftari langu. "Wanatakiwa sitini. Hapa wapo sitini na wawili."

Mikono ikahesabiwa, upande wake ukashinda. Nilijua ukweli, lakini kwa woga nikaufyata mkia. Mwalimu mkuu alikusanya karatasi zake akatoka, nami nilijichukia.

Nilipomweleza mama, alisimamisha cherehani. Asubuhi yake tukaenda ofisi ya bodi, nikakiri kwamba kumi na mmoja niliowaandika hawakufika. Mwenyekiti alinuna. Katibu alihesabu upya, akafuta uamuzi, akasema mkutano utaitishwa tena. Wenzangu wasio na sare wangebaki darasani.

"Na mwalimu mkuu atarudi?" nikauliza.

Katibu aliinamisha macho. Kwa uamuzi ule, barua ya uhamisho ilikwisha kutoka makao makuu ya elimu jioni ile ile, na bodi haikuwa na uwezo wa kuirudisha. Mwalimu mwenyewe alikuwa ameondoka alfajiri.

Nililia njia nzima. Mama hakuninyamazisha.

"Kosa si lako peke yako, mwanangu," alisema. "Jina la mtu ni kauli yake. Mimi nililituma langu mkutanoni nikabaki nyumbani, nawe ukalipokea. Mwalimu yule alitutetea miaka yote. Siku aliyotuhitaji, alikuta majina yetu tu."