Kiti cha Benny Kinaangalia Nyuma

Jumapili asubuhi, mtaa wa Keshero. Angèle alimwogesha mwanawe Benny, mwenye miezi mitano. Upepo wa ziwani ulikuwa baridi, basi akamzungushia blanketi nene. Mama mkwe wake, Mama Kahindo, alikuwa ameshaingiza sufuria ya wali ndani ya gari. Walikuwa wamealikwa kwenye ubatizo huko Lac Vert. Misa ilikuwa saa nne, na saa tatu na nusu ilikuwa imeshapita.

Adalbert, mume wa Angèle, alikuwa anafunga kiti cha mtoto. Shangazi yake alikinunua kipya Ubelgiji akakituma. Adalbert alikiweka mbele, pembeni ya dereva, kikiangalia barabara. Kisha akakizungushia kamba za mpira, zile anazofungia magunia ya maharage.

"Mutoto anapashwa kuona njia," alisema. "Siyo kuipa mugongo kama mufungwa."

Walimweka Benny humo na blanketi lake, wakaondoka. Hawakufika mbali. Mwisho wa kichochoro, pikipiki ilikatiza mbele yao. Adalbert akakanyaga breki. Gari lilikuwa linakwenda polepole tu. Lakini mipira ilivutika, kiti kikainama mbele, na Benny akateleza pamoja na blanketi lake. Kidevu kilibanwa kwenye kifua. Hakulia.

"Benny!" Angèle alipiga kelele. Alitoka nyuma mbio, akafungua mlango wa mbele, akamtoa.

Ndipo Benny akalia.

Jirani yao Bibiche alitoka nje. Yeye ni dereva wa gari la wagonjwa. Alimtazama mtoto kwanza: macho, shingo, mikono, miguu.

"Anachezesha yote muzuri. Lakini akitapika, ao akilala usingizi ya ajabu, mumukimbize hospitali. Sasa, nani alifunga hii kiti?"

"Ni mimi," Adalbert alijibu. "Na najua kufunga. Miaka kumi nafunga magunia, hata moja haiyaanguka."

"Papa Benny, gunia haina shingo."

Adalbert alianza kufungua zile kamba.

"Kichwa ya mutoto ni nzito, shingo yake ni laini," Bibiche alisema. "Akiangalia mbele na gari ikasimama gafula, kichwa inaruka, shingo inavutika. Akiangalia nyuma, kiti inapokea kichwa, shingo na mugongo pamoja. Leta kiti. Inaenda nyuma."

"Mbele kuko shida gani?" Mama Kahindo aliuliza.

"Mama, ndani ya hii tablo, hapa mbele ya kiti, kuko mufuko ya hewa. Gari ikigonga, inafumuka na nguvu kama teke ya ngombe. Itapiga kiti, na kiti itapiga mutoto."

"Misa inaanza!" alisema Mama Kahindo.

"Ianze," alisema Angèle.

Adalbert aliweka kiti kwenye kiti cha nyuma, uso wa mtoto ukiangalia nyuma ya gari. Bibiche alimwonyesha picha ndogo ubavuni mwa kiti, na alama za bluu.

"Mukaba ya gari inapita kwenye bluu tu. Ya chini inapita juu ya miguu ya mutoto. Ya juu inazunguka mugongo ya kiti. Sikia ikilia *ta!* Sasa kandamiza kiti na mukono, vuta mukaba."

Adalbert alivuta. Bibiche alishika kiti pale mkanda unapopita, akakitikisa. Kikacheza.

"Rudilia."

Alivuta tena. Kikacheza tena.

"Unafunga mutoto ao unafunga maua? Rudilia!"

Mara ya tatu, Adalbert alikandamiza kwa uzito wake wote. Jasho likamtoka. Bibiche akatikisa, kiti hakikusogea hata upana wa vidole viwili. Alitazama kama kimelala vya kutosha, ili kichwa cha Benny kisianguke kifuani.

"Sasa toa blanketi, Mama Benny. Ndani ya blanketi, mikaba inadanganya: inaonekana imekaza, kumbe imelegea. Funga mutoto kwanza, kisha mufunike juu."

Angèle alifunga. Mikanda ilitoka usawa wa mabega. Alijaribu kuifinya kwa vidole, haikufinyika. Ilikuwa imekaza.

"Mpaka lini ataangalia nyuma?" aliuliza.

"Mpaka azidi kilo zenye ziliandikwa kwenye kiti, ao kichwa ifike juu ya kiti. Hapo munatafuta ingine kubwa, yenye kuangalia nyuma vilevile."

Waliondoka. Angèle alikaa mbele, Mama Kahindo nyuma pembeni ya Benny. Walipopita Mugunga, mtoto alianza kulia. Akalia zaidi. Angèle akauma midomo.

"Munaua mutoto na kilio!" alisema Mama Kahindo. "Niko na mikono. Nitamubeba."

Angèle alisikia kifungo cha mikanda ya Benny kikifunguka.

"Mama, hapana! Adalbert, simamisha!"

"Tumeshachelewa..."

"Simamisha!"

Gari likasimama pembeni. Angèle alimtoa Benny, akamnyonyesha, akamcheulisha. Mama Kahindo alitazama dirishani, amekasirika. Dakika kumi zilipita. Kisha Angèle akamrudisha mtoto kitini, akavuta mikanda, akajaribu tena kuifinya. Akamfunika.

Walikuwa wameanza tu kukaza mwendo. Lori lililokuwa mbele yao likasimama ghafla, bila taa za breki kuwaka. Adalbert akakanyaga breki kwa miguu miwili. Magurudumu yakalia. Sufuria ikaruka, wali ukamwagika kila mahali. Mama Kahindo akarushwa mbele, bega lake likagonga kiti cha Angèle. Gari likasimama hatua mbili tu nyuma ya lori.

Angèle aligeuka nyuma.

Kiti kilikuwa palepale. Benny alikuwa amefungua macho, anatazama punje ya wali kwenye blanketi lake.

Mama Kahindo alishika bega lake. Akaitazama mikono yake, yote miwili.

"Ningekuwa na yeye mu hii mikono..." alisema.

Alipapasa pembeni ya kiti chake.

"Adalbert," alisema. "Mukaba yangu iko wapi?"